Farasi wa Chuma wa Qurayyat

Kwako Baba Khalid, popote Mola alipokuweka,

Nakuandikia kwa sababu nimechoka, na kwa miaka yote tuliyokaa pamoja wewe ndiye niliyekuwa nikikwambia nikichoka. Watoto nikiwaambia wananipeleka hospitali kupimwa damu. Nimekaa jikoni, nyumba ile ile ya Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, chai imeshapoa mbele yangu, magoti yanauma, na kwenye kucha nna grisi ambayo sabuni imeshindwa kuitoa. Mstaafu wa wizara, bibi wa wajukuu, ana grisi kwenye kucha kama fundi wa gereji. Ungeniona ungecheka, halafu ungeniuliza kama nilikumbuka kuipaka na upande wa chini wa reli. Nilikumbuka. Hata hivyo jana farasi wako alisimama, na nimeona bora uyasikie kwangu.

Barua hii wataisoma na wengine, kwa hiyo univumilie nikieleza mambo unayoyajua.

Ulikuwa mgonjwa wa sinema za kauboi. Ugonjwa huo uliupata Unguja, ulipokuwa ukitoroka chuo na kwenda kukaa viti vya mbele kabisa, shingo juu, ukimngoja steringi apande farasi. Kaka yangu Seif alikuwa kiti cha pembeni yako. Tukaja Oman, mkasoma, mkaajiriwa, mkawa watu wazima wa kutegemewa, wewe mhandisi na yeye mkuu wa skuli. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Seif ndiye aliyeniozesha kwako. Na kila Ijumaa baada ya sala, nyinyi wazee wenye heshima zenu mlikwenda Qurayyat, kwenye shamba la mitende la baba yako, mkavaa kofia za ngozi za kauboi juu ya kofia za viua, mkasimama mbele ya kilima na bunduki zenu za upepo, zenye vibali, na miwani ya kukinga macho, mkapiga sahani za chuma.

Na kabla ya kupiga, kila mtu alilazimika kupaza sauti: "Nani kaniibia farasi wangu?" Asiyesema, hesabu yake haikuandikwa. Nilikuwa nikikaa barazani na uzi wangu wa kushonea, nikisikia baba wa watu, mwenye kisukari na mshipa, akiiuliza mitende habari za farasi. Nikijiuliza niliolewa na watu gani.

Nisikufiche, mwanzoni mchezo wenu ulikuwa unachosha. Sahani zimepangwa kwenye mbao, zimetulia, na kila mtu anajua nani atapata na nani atakosa. Zamu inapita, chuma kinalia, mtu anapiga miayo. Kilichowaamsha ni ile sharti yenu ya kahawa: aliyekosa kuliko wote ndiye atakayebeba dele na kuwamiminia wenzake, mmoja mmoja, huku wakimtania. Hapo ndipo maneno yalipokuwa. Mtu alivumilia kushindwa, lakini kumimina kahawa mbele ya ulimi wa Seif kulikuwa adhabu.

Kisha mikono ya Seif ikaanza kutetema. Kwanza alisema ni uchovu, kisha akasema ni miwani mipya. Sahani zile zilizotulia zikamfichua, maana hakuna pa kujificha. Umesimama peke yako, sahani imesimama, risasi imepita kando, wote wameona. Siku ile alikuwa amekuja na mkwe wake mpya, baba wa mume wa bintiye. Akakosa kuliko wote. Akachukua dele kama sharti ilivyo, na alipofika kwa mkwewe, kahawa ikaikosa finjani ikamwagika kwenye kanzu nyeupe, kifuani mpaka magotini. Mkwe alisema hakuna neno. Seif alicheka, akaziosha finjani zote kwa mkono wake, akaaga. Ijumaa iliyofuata gari lake lilikuwa bovu. Iliyofuata alikuwa na mgeni. Iliyofuata hakutoa hata sababu.

Wewe ukahamia Ghala, ule mtaa wa magereji. Ulikuwa ukitoka kazini unakwenda moja kwa moja kwenye gereji ya rafiki yako, unarudi unanuka chuma kilichochomwa, mashati umeyatoboa kwa cheche. Nikadhani umechanganyikiwa. Nilipokuuliza unatengeneza nini, ulisema unatengeneza farasi.

Na kweli alikuwa farasi. Bamba la chuma ulilolikata kwa umbo la farasi anayekimbia, ingawa mimi nilimwona ni mbuzi mwenye shingo ndefu, ukalifunga kwenye magurudumu madogo juu ya reli, kutoka mtende mmoja mpaka mwingine. Waya ulimvuta, na mwisho wa waya kulikuwa na gunia la mchanga lililoning'inia kwenye kapi. Ukifungua kitasa, gunia linashuka na farasi anatoka mbio. Kando yake ukaweka bembea yenye sahani inayokwenda na kurudi. Na katikati ukasimamisha gurudumu lenye sahani tano kama nyota: ukiangusha moja, uzito unapungua upande mmoja, na zilizobaki zinaanza kuyumba juu chini kama zimelewa. Ulijivunia ile nyota kuliko shahada yako.

Ijumaa ya kwanza ulimfuata Seif nyumbani kwake ukamwambia unataka msaada wa kubeba vyuma. Alikuja kwa ajili ya vyuma. Nyote mkapiga, na nyote mkakosa. Nyota iliwazungusha vichwa, bembea ikawacheka, farasi akapita mbele ya kila mmoja wenu akafika kwenye mtende wake salama salimini. Vizee vikaruka, vikashikana kanzu, vikadai zamu ya pili na ya tatu. Sikuwahi kuwasikia mkipiga kelele namna ile, na sijui kama nilicheka zaidi siku nyingine yoyote. Seif alikosa kama wenzake na akalalamika kwa sauti kubwa kuliko wote. Ndipo ukatangaza sharti mpya. Ulisema farasi akiwashinda wote hakuna mshinde, na kahawa itamiminwa na mwenye shamba.

Ukachukua dele mwenyewe. Ukamimina Ijumaa hiyo na nyingi zilizofuata.

Njiani kurudi, kwenye zile kona za mlimani, nilikwambia farasi wako anakwenda mbio mno, mpunguzie mchanga. Ulizishuka kona zote mpaka tukafika tambarare. Kisha ukasema, "Akikosa Seif peke yake ni ugonjwa, Mama Khalid. Tukikosa sote ni mchezo." Nilikuangalia tu ulivyoshika usukani, nikakupenda upya, nikiwa na umri ule.

Nawe ukaniachia mzigo wako. Siku zako za mwisho hospitali hukunizungumzia nyumba wala watoto. Ulinishika mkono ukasema, "Usimwache farasi akasimama. Seif ataona haya." Nikakuahidi. Nani angekukatalia kitu siku zile?

Baba Khalid, ahadi ile imenichosha. Chumvi ya bahari inakula reli. Kila Alkhamisi nimekuwa nikiendesha gari mpaka Qurayyat, nainama nasugua kutu kwa brashi ya waya, napaka grisi, nakagua kapi, nakaza skrubu za nyota. Ijumaa nasimama kwenye kitasa, kwa sababu mwingine akishika anaweza kumtoa farasi polepole. Khalid wetu ndiye mwenye shamba sasa, anamimina kahawa kwa adabu, lakini uso unasema mengine. Vijana wamejiunga, wana wa rafiki zako, na wanataka mashindano ya kweli, mtu apate, aandikiwe, ashinde. Khalid ameniomba zaidi ya mara moja niruhusu vyuma vyako viondolewe, zirudi sahani za kutulia. Ananiambia taratibu, kama unavyosema na mgonjwa. Anadhani navying'ang'ania kwa sababu ni vyako. Nilimwacha adhani hivyo. Ningemwambia sababu, ningekuwa nimemvua nguo mjomba wake.

Na Seif anakuja, kila Ijumaa, hakosi. Sasa vinatetema mkono na kidevu. Mwanawe anamleta mlangoni, anamshusha, naye anatembea hatua fupi fupi kama anaogopa kuamsha mtu. Anavaa kofia yake ya ngozi. Anauliza nani kaiba farasi wake, sauti imekuwa nyembamba, na mimi namwachia farasi atoke kwa kasi yote niliyo nayo.

Jana waya ulikatika.

Nilifungua kitasa kwa zamu ya Seif, gunia likaanguka puu, waya ukaruka, na farasi akabaki katikati ya reli, ametulia, ubavu wote kwetu. Khalid alikwenda kuangalia akarudi akitikisa kichwa. Akasema bora na nyota ifungwe, maana kipande cha waya kimeingia kwenye ekseli, tumalizie zamu kwa shabaha za kusimama. Vijana wakafurahi. Nikasema tuahirishe, jua kali, nna kizunguzungu. Nikasema chochote kilichonijia.

Seif alikuwa bado amesimama kwenye mstari, bunduki imeelekea chini kama ilivyo amri. Akanigeukia.

"Zuwena, waache. Ntapiga huyo huyo aliyesimama."

Akapiga. Risasi zikaenda kilimani, moja baada ya nyingine, na kila mtu akaona mkono ulivyo. Hakuna aliyetania. Vijana walimpiga farasi mpaka akawa analia kama kengele ya skuli. Ikawa bayana nani amekosa kuliko wote, na Khalid, mwanao kweli, akainuka haraka kushika dele. Mjomba wake akamtangulia.

Alimimina kwa mikono miwili. Alimwaga kwenye mkeka, alimwaga kwenye vidole vya watu. Lakini nikaona kitu ambacho sikukitarajia kwa vijana wale: kila mmoja aliinua finjani yake akaipeleka mpaka kwenye mdomo wa dele, akaishika pale ikitetema pamoja nalo, mpaka ikajaa. Hawakuambizana.

Alipomaliza alikuja kukaa nami barazani. Nikaanza kumwomba radhi kwa waya, kwa grisi, kwa kila kitu, sijui nilikuwa nasema nini. Akaniacha nikamaliza.

"Nlijua toka siku ya mwanzo," akasema. "Fundi gani anatengeneza shabaha hata mwenyewe haipati? Mumeo alikuwa hajui kuficha."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza miaka yote ile.

"Alikuwa anafurahi, Zuwena. Kila Ijumaa akiniangalia naingia mlangoni, uso wake unakunjuka. Ntamvunjaje moyo? Nkawa nakuja. Alipofariki nkasema, na huyu dada yangu, akiniona sikuja atavunjika. Nkawa nakuja. Yakhe, nshachoka. Kukosa sioni taabu. Kusitiriwa ndiko kunakonchosha."

Hapo nikacheka, Baba Khalid, na kicheko kikanishinda kikageuka kilio. Mimi nasugua kutu kila Alkhamisi kwa ajili yake, na yeye anajikokota kila Ijumaa kwa ajili yangu, wazee wawili wagonjwa, kila mmoja anamchosha mwenzake kwa huruma. Seif alinitazama nikilia. Hakuniambia ninyamaze. Alisema tu kwamba na yeye anakukumbuka, na kwamba wewe ulikuwa mpigaji mbovu hata kabla ya farasi.

Kwa hiyo ahadi nimeivunja. Farasi amesimama. Khalid nimemwambia afanye apendavyo, na nimemweleza sababu, mbele ya mjomba wake, kwa ruhusa ya mjomba wake. Akaomba namba ya rafiki yako wa gereji ya Ghala, anasema waya huo si kitu, farasi atakwenda tena, ila mara moja moja, kwa raha tu, na hesabu ya kweli itakuwa kwenye sahani. Mshinde atamimina, awe yeyote. Seif amekubali. Mimi Alkhamisi nitakaa nyumbani.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililoniweka hapa mbele ya chai baridi. Toka ulipoondoka, kila anayeniuliza nimemjibu sijambo, alhamdulillahi. Majirani, watoto, wajukuu, wote sijambo. Nilidhani nawasitiri wasiumie. Leo asubuhi Khalid alipiga simu kama kawaida yake kuuliza nimeamkaje. Nikamwambia, "Sikuamka vizuri, mwanangu. Namtaka baba yako."

Nikamsikia, mtu mzima yule, mwenye watoto wake, anavuta pumzi kama alivyokuwa akivuta alipokuwa mdogo akijizuia kulia.

"Na mie, Mama," akasema. "Na mie kila siku."

Lala, mume wangu. Usituhangaikie tena. Tumeshaambiana.

Mkeo,
Mama Khalid