Hodi ya Makame

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Baleni tu wazima, mhogo umekubali, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza mbona mimi, dada wa babu yako, sikuolewa, nikakaa na Bi Zuwena, mwenye shamba, mpaka nikamzika. Enzi hizo za Mwingereza alikuwa keshapofuka, na macho yake ni mimi. Mkwezi wetu alikuwa Makame, kijana wa Chole. Ada unaijua: mkwezi hapandi mnazi mpaka apige hodi, wanawake walio uani waingie ndani, maana kule juu anaona kila kitu. Makame akipiga hodi, namshika Bi Zuwena mkono, tunaingia.

Siku moja alipiga hodi asubuhi, tukaingia. Akapiga tena adhuhuri, tukaingia. Alasiri akapiga mara ya tatu. Bi Zuwena akacheka.

"We binti, nazi za mnazi huo si zimeanguliwa juzi? Huyo anafuata nini?"

"Sijui, bibi," nikamjibu, na nilikuwa najua. Nikamwingiza ndani.

Kesho yake Makame alivuka kwenda Tanga, hakurudi. Nadhani alitaka nibaki nje, japo mara moja, tuagane.

Bi Zuwena nilimtumikia kwa moyo mmoja, na maisha yangu nayashukuru. Hodi ile ya tatu tu ndiyo inayonirudia.

Siku hizi mkwezi akipiga hodi, wenzangu hukimbilia ndani. Mimi nabaki uani nasuka ukili wangu wa mkeka, namwitikia, "Karibu."

Bibi yako,
Mwanaidi