Kochi la Chiriku na Suruali ya Mjomba

MAELEZO YA SHAHIDI WA PILI
Shauri: Kutoroshwa kwa mtoto
Jina: Fundi Sponji, ndilo linalojulikana na wote
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi makochi
Makazi: Chumba cha nyuma ya karakana yake, njia ya kwenda stendi

Kabla ya yote iandikwe kwamba mimi ni mwanamume mwenye bahati kuliko wote mtaani kwetu. Nina binti mmoja, mtu mzima sasa, na hakuna Jumapili inayopita asije kula nami. Akiingia tu, karakana nzima inanukia sabuni. Afande anasema hilo halihusiani na shauri. Nimemwambia aandike tu, wino si wake. Shule niliishia darasa la tano, lakini nimewakalisha wakubwa wengi kuliko mwenyekiti yeyote wa mkutano.

Namfahamu mtoto aitwaye Chiriku, miaka saba, jina alilolipata kwa mdomo wake mwenyewe. Baba yake ni fundi vioo, mama yake ni msusi. Hawakuoana, na walipoachana waliachana kweli, hata salamu zilikuwa zinapitia kwangu. Afisa ustawi wa jamii aliwaita, akaamua mtoto akae kwa mama na mwisho wa wiki awe kwa baba. Aliwaambia kulelewa na wazazi wawili ni haki ya mtoto, si zawadi ya mkubwa yeyote. Makabidhiano yakawekwa karakana kwangu. Ijumaa mama analeta na kuondoka, ndipo baba anachukua. Jumapili baba analeta, mama anachukua. Walikuwa kama jua na mwezi, na mimi ndiye mbingu yao.

Mtu mwingine ni kaka wa mama, yaani mjomba wa mtoto. Mtaani tunamwita Pasi, maana suruali zake zina mistari ya kukatia vitunguu. Huyo mpango ule hakuutaka. Alikuwa akisimama mlangoni kwangu, haingii kwa kuogopa vumbi, anasema, "Asiyeoa hana mtoto." Siku moja nikamjibu, "Bosi, basi majogoo wote ni wagumba." Tangu hapo hanisalimii.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumapili, saa kumi jioni, Baba Chiriku alimleta mtoto, akanikabidhi, akaondoka zake. Chiriku alikaa kwenye kochi lake la siku zote. Pembeni kulikuwa na kochi la mteja ambalo sponji yake nilikuwa nimetoka kuipaka gundi. Juu yake niliweka kitambaa chekundu. Kwangu kitambaa chekundu maana yake ni usikae, gundi mbichi. Wateja wanajua, paka anajua, na Chiriku ndiye anayewafundisha wageni.

Misumari iliniishia. Nilimwambia Chiriku asitoke, nikaenda duka la jirani. Niliporudi, mtoto hayupo. Kitambaa chekundu kiko sakafuni, na sponji ya lile kochi imenyofoka pande la ukubwa wa kiganja. Nilimshuku paka. Paka nimeshamwomba radhi.

Mama Chiriku alipofika nilimweleza. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, rasta za mteja bado ziko begani mwake. Akasema, "Amerudi kinyemela akamchukua. Amemtorosha."

Nikasema, "Mwanangu, yule hana tabia hiyo."

Akasema, "Fundi, wewe unajua makochi."

Nikafunga karakana, tukaondoka.

Kufika saa kumi na mbili jioni tulikuwa hapa kituoni. Baba Chiriku aliletwa, akavuliwa viatu na mkanda, akawa anaishikilia suruali kwa mkono. Hakujitetea hata kidogo. Alikuwa anauliza neno moja tu, "Yuko wapi?" Kila akiuliza, mama mtoto anageukia ukutani.

Ndipo Pasi akaingia na koti lake la suti. Akasema amemwona fundi vioo kwa macho yake, amempakia mtoto kwenye pikipiki wanaelekea stendi. Akataka afisa ustawi apelekewe habari usiku huo huo, ili mtu huyu asimwone mtoto tena maisha yake yote. Afande alimuuliza kama yeye alifika karakana siku hiyo.

"Mimi? Kwenye lile vumbi? Sijawahi kukanyaga ndani."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Aliponyanyua mikono yote miwili kuonyesha pikipiki ilivyokata kona, koti likapanda, na hapo makalioni nikaiona sponji yangu ya njano, imeganda kama mkia wa sungura.

Nikasema, "Afande, mwombe bosi ageuke."

Pasi akasema, "Nigeuke kwa nini?"

Nikamwambia, "Umepakia abiria."

Suruali ilichukuliwa kuwa kielelezo, naye akaazimwa bukta ya askari, pana kama pazia. Askari mwingine aliibeba sponji hadi karakana. Iliingia kwenye tundu lake kama jino kwenye ufizi.

Mama Chiriku akamsogelea. "Kaka, mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kwangu, anaangalia katuni. Nilikuwa nakuokoa, dada. Mwanamume asiyeoa..."

"Baba wa mwanangu nilimchagua mimi. Wewe nani alikuchagua?"

Mahabusu wakapiga makofi kutoka ndani. Afande aliwakemea, lakini masharubu yake yalikuwa yanacheka.

Chiriku aliletwa anaongea kabla hajavuka mlango. "Nilimwambia mjomba asikae, gundi mbichi! Akasema watoto wazuri hawasemi. Akachukua kitambaa chekundu akafutia kochi, akakaa anifunge viatu!" Kisha akamshika baba mkono mmoja na mama mkono mwingine, na hakuna aliyeuvuta wake. Baba mtu alikuwa ameshikwa mkono ule ule wa suruali. Mama mtoto akaona, akaangua kicheko, akawaambia askari, "Mrudishieni mkanda mwenzenu, jamani." Hilo lilikuwa neno la kwanza kuhusu yule bwana nililolisikia kwake lisilo na miiba.

Wakati wa kutoka mama alimwambia baba mtoto, "Ijumaa njoo umchukue nyumbani. Mlango unaujua." Kwa hiyo makabidhiano kwangu yameisha. Nimeachishwa kazi isiyo na mshahara, na sijawahi kufurahi hivi.

Niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapo. Nimeyasema kwa hiari, na akili zangu zote, chache nilizonazo.

Sahihi ya shahidi: F. Sponji

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi, naye amekubali ni sahihi. Baada ya kutia sahihi aliomba kalamu aongeze jambo kwa mkono wake mwenyewe, kama ifuatavyo:

Ile ya binti yangu pale juu ni uongo. Wajomba zake walimchukua akiwa mdogo kuliko Chiriku. Hajawahi kuja.