Dakika za Nje

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi mpya, karatasi mpya. Kiti changu ni kile kile, mlangoni pa uani, na saa ya ukutani mbele yangu. Fundi wa cherehani akienda chooni naandika, akirudi naandika. Jioni najumlisha dakika za nje na kuziingiza kwenye kompyuta. Mtu mzima nimeajiriwa kuhesabu mikojo ya watu wazima wenzangu. Kiwandani wananiita Dada Dakika, na si kwa mapenzi.

Wifi yangu katoka mara tano. Mimba ya miezi sita, atafanyaje? Na choo chenyewe kiko ng'ambo ya uwanja, nyuma ya stoo ya vitambaa. Zimefika dakika arobaini, kama kawaida yake. Nilimtania kwamba huyo mtoto atazaliwa akiijua njia. Alicheka huku kashika kiuno.

Mwisho ni masaa kumi na mawili ya nje kwa mwezi. Ukizidisha, mkataba hausainiwi tena, na bila mkataba sahau likizo ya uzazi. Wifi hajawahi kuzidisha. Mwanaume aliyempa mimba kashaingia mitini, kwa hiyo hii kazi ndiyo mume wake. Maneno yake hayo, si yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimegundua kitu! Fundi wa vifungo alikaa nje lisaa zima, tumbo linamsumbua. Dakika sitini, nikaandika 0.60 kama nilivyofundishwa na karani aliyenitangulia. Halafu nikajiuliza: kakaa saa nzima, mbona kompyuta inasema hata saa moja haijafika?

Kumbe! Kompyuta inakata saa vipande mia. Dakika zilitakiwa zigawanywe kwa sitini kwanza. Arobaini si 0.40, ni 0.67. Miaka yote hii tumekuwa tukiwapunjia watu dakika za nje — yaani tunawapendelea, bila wao kujua wala sisi kujua.

Nilimfuata meneja hapo hapo. Aliangalia, akaangalia tena, akasema angalau kuna mtu mmoja humu ndani mwenye kichwa. Nirekebishe mwezi wote, kuanzia tarehe moja.

Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerekebisha. Jina la wifi liko katikati ya karatasi. Jana alikuwa na matano na ushee. Leo ana masaa manane na dakika arobaini.

Sikumfikiria. Kwa kweli hata kidogo sikumfikiria. Nilikuwa nasikilizia sifa.

Yamebaki masaa matatu na dakika ishirini, na mwezi ndio kwanza uko nusu. Robo saa kwa siku. Kwenda chooni na kurudi ni dakika saba ukitembea haraka, na yeye hawezi tena kutembea haraka. Nilirudi kwa meneja, nikamwomba hesabu mpya ianze mwezi ujao. Akaniuliza si mimi niliyeileta? Nikatoka.

Mezani nilisema. Mume wangu aliacha kula. Akauliza, huo mdomo ungeufunga ungepungukiwa nini? Huyo ni dada yake wa pekee. Wifi hakunigombeza. Aliuliza tu robo saa ni kwenda mara ngapi. Mara mbili, nikamwambia. Basi mara mbili, akasema, nipitishie chumvi.

Angenitukana ningepata nafuu.

Jumanne, 18 Machi

Chupa yake ya maji imebaki nyumbani, imejaa. Nilidhani kasahau, nikambebea. Akairudisha kwenye mfuko wangu.

Hakuna anayenisalimia. Wote nimewaongezea. Fundi wa mifuko kasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba wengine wakila na bosi wanasahau hata wana kibofu. Na wala sijala na mtu yeyote.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nilijaribu. Wifi alikuja mlangoni uso umemkauka. Niliweka kalamu chini, nikatazama dirishani. Apite tu. Nyuma yake alisimama fundi wa mifuko, naye akasema haya, na mimi usiniandike. Na nyuma yake wawili zaidi, mikono viunoni.

Nilichukua kalamu. Nikawaandika wote, wifi wa kwanza. Nilikuwa na hasira, na sijui hasira yenyewe ya nani.

Jumatatu, 24 Machi

Wifi ana homa. Anasema ni uchovu. Mgongo unamuuma chini kabisa, upande mmoja. Mume wangu anataka ampeleke kwa daktari, naye kakataa katakata: kutoka kwenda kliniki nako ni dakika za nje. Tarehe moja atakwenda, mwezi ukiwa mpya. Tumegombana watu watatu ndani ya chumba kimoja na hakuna aliyeshinda.

Wiki iliyopita alifika kama dakika ishirini kwa siku; leo alitumia kumi na nne tu. Nilipoziona nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilifurahi.

Alhamisi, 27 Machi

Wifi ameanguka kwenye cherehani.

Ijumaa, 28 Machi

Mume wangu yuko hospitali tangu jana. Mimi nimekuja kazini. Sijui kwa nini nimekuja. Labda kwa sababu hataki kuniona.

Jana wifi alianguka asubuhi, kabla hata hajatoka mara moja. Walimlaza sakafuni juu ya vitambaa vya ovaroli. Alikuwa anatetemeka, akishika tumbo kwa mikono yote miwili. Nilimpa maji. Alinitazama kwanza — jamani, alinitazama kana kwamba anaomba ruhusa — ndipo akanywa. Gari lilichelewa. Fundi wa mifuko ndiye aliyempakata kichwa. Mimi nilishika miguu.

Leo meneja kaniita. Alisema pole, na nadhani kweli kaumia. Halafu akaja na karatasi. Kuanzia getini, kwa kuwa kabebwa na gari hajiwezi, ni ugonjwa, hilo halina shida. Lakini zile dakika thelathini na tano za sakafuni? Cherehani hakuwepo, hospitali hakuwepo. Anaona ni za nje. Kaniachia niamue, kwa kuwa mambo ya dakika nayajua mimi.

Nimekaa nazo. Juzi jioni alikuwa amefikisha masaa kumi na moja na nusu. Nilitaka kuandika alikuwa kazini. Nikawaona wale wanawake wanavyonitazama kutoka kwenye mashine, na safari hii sijui wananitazamia nini.

Simu imelia. Mume wangu. Sauti imekwisha. Figo zimeingiwa na wadudu, homa haijashuka. Kuhusu mtoto madaktari bado hawajui, wanasikiliza, wanatoka, wanarudi tena kusikiliza. Wifi kafumbua macho kidogo na kauliza kitu kimoja tu, na anaendelea kukiuliza, ndiyo maana ikabidi kaka yake anipigie. Anataka kujua kama amezidisha.

Nimemwambia mume wangu asubiri, napiga hesabu.

Hesabu ninayo tangu asubuhi. Nikiziandika zile za sakafuni, amezidisha dakika tano. Mume wangu bado yuko kwenye simu, namsikia anavyopumua.