Taa za Kasha la Mutugi

Manyatta, Embu
Novemba 1998

Kwa ndugu yangu mdogo Njiru, Kiritiri,

Pokea salamu nyingi, nyingi kama huo mchanga mnaopakia kwenye malori kila siku na hauishi. Habari ya nyumba, habari ya mbuzi, habari ya goti lako? Sisi hapa Mungu ametushika. Mimi mwenyewe bado natembea bila fimbo, na watu wa rika langu wote wameinama kama migomba. Shemeji yako Ciakuthii anakusalimu. Mjukuu wetu Tabby naye anauliza yule mtoto wa mbuzi uliyemwahidi amekua namna gani.

Najua utacheka mwandiko. Niliacha shule darasa la tatu, lakini sijawahi kuandikiwa barua na mtu, na hii ndiyo kabisa siwezi kumpa mtu aniandikie. Utaona mbele ni kwa nini.

Habari ya mwanangu Mutugi si nzuri. Tangu ulipomwona Agosti amekwisha sana. Mimi ndiye namtoa nje kuota jua, nambeba hivi kama debe ambalo halijajaa. Daktari alisema tumpe chakula chochote anachotaka. Maana yake unaijua, mke wake pia aliambiwa hivyo mwaka jana, na mwaka haukuisha.

Sasa nikueleze habari ya lile kasha la chuma uliloliona sebuleni ukauliza kama ni friji ya maskini. Ile ni kompyuta ya kuwekea vitu. Kampuni aliyofanya kazi Nairobi ilikuwa inalitupa, wakampa alipoacha kazi. Ndani kuna diski nne, kila moja na taa yake ya kijani kwa mbele, zinavuta pamoja kama ng'ombe wa plau, moja ikilala zingine zinaendelea. Mutugi alitaka kuweka sauti yake humo, amwekee binti yake Tabby. Mtoto ni mdogo, hatakumbuka kitu. Kwa hiyo anaongea na kompyuta ndogo iliyo kitandani, lakini hiyo tumbo lake ni dogo, ikijaa lazima imwage kwenye kasha ndipo aongee tena.

Hapo ndipo taabu ilianza. Kasha lilikuwa polepole ajabu. Anaongea kidogo asubuhi, halafu tunangoja mpaka jioni limeze. Na sauti yenyewe ilikuwa inaisha, Njiru, koo limejaa vidonda. Niliona mwanangu amelala na maneno mdomoni anangoja chuma.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema diski hazina makosa. Kuna kadi inaitwa kontrola, kila kitu kinachoenda kwa diski kinapita kwake, na ina betri ndogo. Betri ikiwa hai, kadi inapokea mzigo, inasema nimepokea, lete mwingine, halafu inaandika kwenye diski kwa nafasi yake. Betri ikifa, kadi inakuwa mwoga, haisemi imepokea mpaka diski zote ziwe zimeandika. Ya kwake ilikufa, na ya namna hiyo imetafutwa Nairobi ikakosekana.

Mimi nilielewa pale pale. Unajua nilivyosimamia mashine za kiwanda cha kahawa mpaka nikastaafu. Karani wa mizani akikataa debe la pili mpaka la kwanza liingie kwenye mashine, foleni ya akina mama inafika barabarani. Nikamwambia Mutugi amwamuru huyo karani apokee tu. Akasema inawezekana, kuna mahali pa kubadilisha, lakini bila betri stima ikipotea kabla hajaandika, si mzigo huo peke yake utakaopotea, hesabu ya diski zote inaweza kuvurugika. Nikamwambia hakuna mashine iliyowahi kuharibika mikononi mwangu, na stima nitailinda mimi. Akacheka, akasema, Baba, hii haipakwi grisi. Lakini nilimsumbua siku mbili mpaka akabadilisha. Nafikiri pia aliona hana njia nyingine.

Na kasha likakimbia! Akawa anaongea mpaka achoke mwenyewe. Alimweleza Tabby jinsi alivyomwona mama yake mara ya kwanza, sokoni, akigombana na mtu wa viazi. Alimfundisha kumjua mwanamume mwongo. Mimi nilikuwa nasikiliza mlangoni. Alimwambia, babu yako ni mbishi hana mfano, lakini akikushika mkono haachilii. Nilitoka nje nikajifanya natafuta jembe.

Ijumaa akaongea ya mwisho, sauti ikabaki kunong'ona tu. Akaniambia, Baba, limepokea yote, lakini bado linaandika, lisiguswe mpaka jioni. Akalala. Alasiri mvua ikateremka kutoka mlimani, na kasha likazimika. Lilipowaka tena, zile taa zilizokuwa za kijani zikawa rangi ya machungwa na kasha likaanza kulia kama kifaranga.

Niliita fundi wa kompyuta kutoka Embu mjini, anaitwa Kiambi. Aliliangalia sana. Akanitoa nje kwenye mibuni akasema diski ni nzima lakini yaliyomo hayasomeki tena, yote, tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza Nairobi je. Akatikisa kichwa. Nikamwomba anyamazishe tu kile kilio, akanyamazisha.

Ciakuthii anawalaani watu wa stima mpaka leo. Njiru, watu wa stima hawana kosa. Stima haikupotea. Redio ya jirani ilikuwa inaimba wakati wote.

Unajua desturi ya kiwandani. Ngurumo ikipiga unakimbilia swichi kubwa, unaishusha kabla radi haijapita kwenye waya ikaunguza mashine. Sikuchelewa hata mara moja maisha yangu yote ya kazi. Siku hiyo nilikuwa napukuchua mahindi barazani. Ngurumo ilipopiga, mkono ulishusha swichi kabla kichwa hakijafika. Nikasimama pale nafurahi, naona nimeliokoa kasha. Halafu nikasikia nyumba imekuwa kimya.

Hakuna ajuaye ila wewe.

Kasha nimeliacha linawaka, tupu hivyo hivyo, kwa sababu Mutugi analala kwa mlio wake. Hawezi tena kufika sebuleni. Tabby akipita anaweka sikio kwenye chuma, aliambiwa baba yake atakuwa humo akishakuwa mkubwa. Kila asubuhi Mutugi ananinong'oneza, taa ni za kijani? Nasema ni za kijani. Lakini juzi aliniangalia sana, akasema, Baba, wewe hujawahi kusema kitu chako kimeharibika.

Kwa hiyo njoo kabla ya Jumapili, mbuzi waachie mtu. Wewe ulimi wako ni mkali, hujawahi kumfurahisha mtu kwa maneno, na yeye anajua. Atakuuliza. Pita kwanza sebuleni, akusikie umesimama pale, ndipo uingie kwake umwambie ni za kijani. Ziko nne. Sema zote nne.

Msalimie Peninah na nyumba yako yote. Barua hii ukiimaliza itie motoni.

Ni mimi kaka yako,
Muchangi