Mnazi wa Mwanaidi

Kwa dada yangu Mwanahawa, Mungu akulinde wewe na wote walio uani kwako Mapinga. Hujambo? Ule mguu umepoa? Mimi ni mzima, ila homa ilinilaza siku tisa hapa Unyanyembe, na pembe za ndovu anazonunua tajiri wetu bado hazijatimia, basi kurudi pwani hatujui lini.

Mwalimu anayekusomea namwomba asome yote, asiruke neno, hata atakapoona haya kwa ajili yangu.

Dada, kile kibanda changu nilikipata kwa uongo. Nilipoomba ruhusa ya kujenga katika shamba la marehemu baba, jumbe alikuja mwenyewe, akazunguka vigingi vyangu, akauliza, "Hapa pana haki ya mwenzio?" Nikajibu, "Hapana, jumbe. Ni pangu peke yangu." Na mnazi wa mwanao ulikuwa umesimama pale pale, mahali pa mlango. Tulipozika kitovu cha Mwanaidi tukapanda nazi juu yake, na shimo nilichimba mimi. Ndui ilipomchukua, ulibaki mti wake, nawe kila Ijumaa ukiwaangushia watoto wa chuo cha Kurani madafu. Ningeweza kusogeza vigingi hatua nne tu. Lakini nilitaka baraza yangu itazame njia, wapitao wanione.

Nikaukata siku uliyokwenda Bagamoyo arusini. Uliporudi nikakwambia umeliwa na chonga, yule mdudu wa minazi. Ukasema, "Basi makuti yake yasipotee, mdogo wangu." Ukayasuka kwa mikono yako, yakatosha upande wa mlangoni. Nami nikayapokea, nikaezeka, nikakwambia ahsante.

Huku nimeomba mahali pa kujenga kijumba cha kulala. Mzee wa mtaa alinipitisha kwa kila jirani, akiuliza kama pana kitu chao. Bibi mmoja akasema, "Pana kichaka changu cha dawa." Kichaka chenyewe hakifiki goti! Tukahamisha vigingi bila maneno. Nilirudi nilikofikia nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimetembea miezi mitatu, na uongo wangu umenikuta huku.

Barua iliyopita nilikuomba uwaite watu wakandike kuta. Usiwaite. Ipeleke hii kwa jumbe isomwe mbele yake, aifute ruhusa aliyonipa. Boriti zing'olewe, ukitaka kuzifanya kuni, ni kuni. Sikuletei mbegu ya nazi, nisije nikajidanganya kwamba nimelipa. Mahali pale ni pako.

Nisalimie shemeji, mumeo, aliyenikatia boriti zile mikokoni bila kujua, na mama mdogo na vitumbua vyake. Mwalimu naye nimemtwisha mzigo, anisamehe.

Mwanzo wa barua nilikuuliza hali tu, sikukuamkia, niliogopa hutaitika. Sasa nakuamkia: nashika miguu yako, dada. Mnazi ule haukuwa na chonga hata mmoja.

Mdogo wako,
Kombo