Mama, Jina Lako Limekosa Mtoto

Mama,

Miezi mitatu baada ya kukuzika, mimba yangu iliharibika, na hospitalini wakalazimika kunitoa kizazi. Alikuwa msichana. Unajua maana yake: binti wa pili ndiye angeitwa Nyambura, jina lako. Sasa hakuna Nyambura atakayekuja, na sina wa kumlilia hilo ila wewe.

Wangari hajambo. Ana miaka mitatu na mdomo haufungi. Kamau akitoka kazini humwita maitũ, yaani mama yangu, kwa sababu mtoto ana jina la mamake wa kule kwao Chaka. Ni haki yake, ndiyo desturi yetu kwa binti wa kwanza. Lakini nikiwasikia huinamia sufuria nikasonga ugali ulioiva zamani. Naona wivu, Mama, tena namwonea mume wangu mwenyewe.

Wewe siku tulipompa jina hilo ulicheka tu. "Wacha wachukue jina. Mashini ni yetu." Baadaye ukanipeleka katika maabara ya shule ulikokuwa fundi, Wangari akiwa amelala mgongoni mwangu. Ukaweka chini ya hadubini kangaga kachanga, mmea usio na maua, kadogo kuliko ukucha, ulikokatoa kwenye kijito nyuma ya shule. Nikaona mbegu zake za kiume zikiogelea katika tone la maji kulitafuta yai. Mashini, ukasema, ni mitokondria, vijiwanda vya nguvu ndani ya seli. Vina DNA yake vyenyewe, hujinakili ndani ya yai, na mtoto huvirithi kwa mama. "Baba analeta nusu ya maandishi. Jiko ni la mama." Kwa watu pia ni vivyo hivyo. Mimi mitokondria sikuiona, ni midogo mno. Nilikuamini tu.

Nikipika chai bado nakadiria maji ya kikombe chako.

Jana Kamau hakuwepo. Wangari alitoka nje kwenye baridi bila sweta, nikafungua mdomo nimwite. Nikasema, "Maitũ." Akaitika, akaja mbio. Nilikaa mlangoni nikalia, naye akanipangusa kwa mkono uliojaa matope.

Pumzika, Mama. Naahidi nitamwita hivyo tukiwa wawili tu. Siku atakapouliza kwa nini, nitamwambia kwamba jina ni la nyanya yake wa Chaka, lakini nguvu za kuja mbio nikimwita ni zako.

Binti yako,
Wanjiru