Neno Nililolificha Siku Dada Corinne Alipoolewa Bustanini

Mtaa wa Baltimore, 4816,
Philadelphia.
5 Novemba

Mpendwa Mama Mkubwa Loretta,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba kifua hakikusumbui tena sasa baridi imeanza. Goti la Baba Mkubwa Gus linaendeleaje tangu apasuliwe? Mama aliniambia alikuwa akifanya mazoezi ya kutembea sebuleni bila fimbo ili amwingize Dada Corinne kanisani siku ya harusi, tarehe kumi na sita. Habari hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Sisi ni wazima. Shule inaendelea, na bado nakula chakula cha mchana maktabani.

Mama Mkubwa, najua umemkasirikia Lucian. Mama alisikia ulivyosema kwenye simu, kwamba "huyo kijana amemwiba mwanangu ili asikanyage kanisa letu." Sivyo ilivyokuwa. Nilikuwepo, na kosa ni langu.

Jumamosi ile tulikwenda bustanini kula mikate tu. Majani yalikuwa yamegeuka manjano yote, hata njia haikuonekana. Lucian alitoa leseni ya ndoa mfukoni. Ni ile ya Marafiki, dhehebu la kwao, isiyohitaji mchungaji bali mashahidi wawili.

"We Odette, macho yako makali," akasema. "Hebu angalia, jina langu la kati wameliandika sawa?"

"Jina sawa," nikamwambia. "Lakini inaisha leo."

"Leo leo?"

Waliichukua kwa ajili ya harusi ya Oktoba. Mlipoisogeza mbele kwa sababu ya goti, hakuna aliyekumbuka kwamba leseni ina siku sitini tu.

Dada Corinne akashika kichwa. "Mama ataniua! Kupata nyingine kunachukua muda gani?"

Wote wawili wakanitazama mimi, kama kawaida. Nikasema, "Sijui."

Nilijua, Mama Mkubwa. Ni siku tatu. Nilikuwa nimesoma kijikaratasi cha ofisi ya leseni mara mbili. Wangeomba nyingine Jumatatu na harusi yenu isingeguswa. Lakini Lucian alikuwa ameshaanza kumtazama Dada kwa namna fulani, nami nilitaka kuona kitakachotokea. Mambo kama hayo huwa nayasoma vitabuni tu.

"Basi tuoane sasa hivi," Lucian akasema. Dada alicheka, kisha akaacha kucheka.

Shahidi wa pili alikuwa mfanyakazi wa bustani aliyekuwa akipuliza majani kwa mashine. Lucian alipomweleza, alisema, "Hapa? Na viatu vyote matope? Haya, ngojeni nizime hii kelele." Akavua kofia. Akamwambia Dada, "Binti, una hakika? Maana huyu hata nywele hajachana."

Waliahidiana kwa sauti ndogo sana. Dada alilia alipofika kwenye maneno "wazazi wetu", akashindwa kuendelea. Nilitia sahihi yangu chini ya ile ya yule bwana. Sikusema neno, hata hapo nilipokuwa bado naweza kusema.

Ilikuwa nzuri. Siwezi kukudanganya tena kwa kusema haikuwa nzuri. Ila tulipofika nyumbani Mama aliuliza, "Na dada yangu je? Ana dazeni sitini za biskuti za harusi kwenye friza," nikaenda kujifungia chooni.

Juzi niliwaambia Dada na Lucian ukweli. Lucian akasema, "Tungeweza kuuliza mtu mwingine. Hatukutaka." Dada hajasema nami tangu hapo. Si kwa ajili ya leseni. Ni kwa sababu hupokei simu yake, na anaamini hutapokea tena.

Sikuombi unisamehe upesi. Nakuomba hasira uliyompa Lucian unipe mimi, maana ni yangu. Najua umeshafuta nafasi ya ukumbi wa harusi.

Nisalimie Baba Mkubwa na Kaka Emmett, na akina mama wa kanisani waliooka pamoja nawe. Mungu awape usingizi mzuri na aliponye goti.

Jumapili hii, tarehe kumi, saa kumi jioni, simu yenu italia. Atakuwa Dada Corinne; Lucian ameniambia atajaribu tena. Tafadhali, Mama Mkubwa, pokea, hata kama ni kwa kumgombeza.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukuonea haya,
Odette